Sabufa ya Ma Kokwijuka

Kilichomponza Ma Kokwijuka ni jembe. Siku ile kitongoji kizima kilikuwa kimeshika njia kwenda msibani kwa marehemu Josia, wanawake wamejifunga kanga, wanaume wamebeba viti vichwani, na njia yenyewe inapita pembeni kabisa mwa kibanja chake. Wakamkuta katikati ya migomba, ameinama, analima. Wala si kulima kwa kujificha. Analima na kuimba juu.

Kule Muleba hata mtoto wa chekechea anajua kwamba maiti akiwa hajazikwa jembe halitoki ndani. Tangazo la kifo lilikuwa limesomwa redioni jioni ya jana yake, likarudiwa asubuhi. Kama hiyo haitoshi, mwenyekiti wa kitongoji, Ta Rugaibula, alikuwa amepita njia nzima na kipaza sauti chake cha mkononi, kile kinachokoroma, akitaja jina la marehemu na saa ya mazishi. Ma Kokwijuka hakusikia redio wala kipaza sauti. Aliona tu kwamba kumetulia, na kutulia alikuwa amekuzoea. Ulikuwa mwaka wa pili sasa dunia imemtulia.

Ta Rugaibula akasimama ukingoni mwa kibanja, watu nyuma yake.

"Ma Kokwijuka, hukusikia tangazo?"

Swali lilikuwa na jibu rahisi, tena la kweli, na lingemwokoa. Ma Kokwijuka alinyoosha mgongo, akafuta udongo kwenye mpini.

"Nilisikia. Nilikuwa namalizia mstari."

Wakamtoza debe la lubisi, pombe ya ndizi, na mikungu miwili ya ndizi, vifike msibani kabla jua halijatua. Akalipa. Toka siku hiyo akaitwa mwenye maringo, na yeye akalipokea jina hilo vizuri, maana kwa Wahaya maringo si aibu kubwa. Mtu anaweza kuzeeka nayo na bado akapewa kiti cha mbele kanisani. Uziwi ndio alioukataa. Mtu akishajulikana haisikii dunia, watoto wanaanza kumpangia dunia nyingine.

Aliyaona kwa jirani yake Kokuberwa. Kokuberwa aliteleza bafuni mara moja, mara moja tu, na wiki iliyofuata wanawe walikuwa wameshamfungasha kwenda Mwanza. Sasa anakaa dirishani ghorofa ya tatu, na ndizi ananunuliwa kwa kilo kama sukari. Na Mugisha, mwanawe mkubwa Ma Kokwijuka, anayefanya kazi Dar, alishasema Krismasi iliyopita, uso kwa uso: "Mama, siku mwili ukianza kukugomea, unakuja kwangu. Sitaki ubishi." Ma Kokwijuka alimtazama midomo yake neno kwa neno, maana midomo ya watu alikuwa anaisoma siku hizo kama anavyosoma Zaburi, akajibu, "Mwili wangu haujawahi kugoma, bojo mwanangu. Hauna hata chama."

Kwenye simu alikuwa na ufundi mwingine: anaongea yeye peke yake, mfululizo, mpaka salio la mtoto linakwisha.

Basi mwezi wa kumi Mugisha akatuma laki sita na nusu inunuliwe televisheni, ili Krismasi akija na familia wakute nyumba imechangamka. Hela hakumtumia mama. Alimtumia Nancy, mke wa mdogo wake, mwalimu wa sekondari anayekaa Nshambya, Bukoba mjini, mtu wa mpango na daftari. Nancy akampigia Ma Kokwijuka, akaona haelewani naye, akamwandikia ujumbe: *Ma, pima ukuta wa sebuleni kutoka picha ya baba mpaka fremu ya mlango, uje na kipimo Bukoba Jumatano. Nimeona inchi 43 nzuri sana.*

Ma Kokwijuka aliusoma ujumbe mara mbili, akaenda kukaa kizingitini akifikiri. Televisheni hakuichukia. Kioo kikubwa kina midomo mikubwa, hilo aliliona, si mjinga. Lakini matangazo ya vifo husomwa redioni, na redio haina midomo. Akikosa tangazo la pili, akakutwa tena na jembe, hata maringo hayatamtosha. Watu wataanza kuulizana, na wakiulizana watapata jibu, na jibu litafika Dar kabla ya basi. Alichohitaji ni sauti. Sauti ya kuingia masikioni kwa nguvu, na yenye kisingizio.

Akachukua kamba ya mgomba, akapima ukuta kwa uaminifu wote. Kamba ilitoka Muleba ikiwa nzima. Ilifika Bukoba imepungua shubiri mbili.

*

Duka alilolichagua Nancy lilikuwa karibu na soko, la Muksini, Mswahili wa mjini, mnene, mpole, anayeongea na bidhaa zake kama watoto wake. Televisheni zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, zote zikionyesha samaki wale wale wa rangi.

"Hii ndiyo ile tuliyozungumza, mwalimu," Muksini akasema, akiipapasa ile ya inchi arobaini na tatu. "Nyembamba kama chapati."

Ma Kokwijuka akaizunguka, akaichungulia kwa pembeni.

"Sauti wameiweka wapi?"

"Spika ziko nyuma, mama."

"Kwa hiyo inaongea na ukuta."

Muksini akacheka. "Kusema kweli, ndiyo. Wembamba umekula sauti kidogo."

"Mgeni akija kwangu akaongea na ukuta, namwonyesha mlango."

"Ma," Nancy akasema kwa subira ya darasani, "sauti inatosha. Nyumba yenyewe ina watu wangapi? Wewe na kuku."

"Kuku nao wana haki ya taarifa ya habari." Akamgeukia Muksini. "Na mtangazaji humu, kichwa chake kitakuwa kikubwa hivyo hivyo? Kinanizidi. Itabidi nimwamkie mimi kwanza, ndani ya nyumba yangu?"

Nancy hakucheka, ingawa mdomo wake ulitaka. "Lete kipimo, Ma."

Ma Kokwijuka akatoa kamba kwenye mkoba, taratibu, kama mtu anayetoa hati ya shamba. Nancy akaitandaza mbele ya kioo. Haikufika. Akaitandaza mbele ya inchi thelathini na mbili. Haikufika kwa upana wa vidole viwili.

"Ma, mbona nakumbuka ukuta ule ni mpana?"

"Ulikuwa mpana ulipoolewa. Mtu akiwa bibi harusi anaona kila kitu kipana."

"Basi tutaisogeza picha ya baba."

"Tuisogeze," Ma Kokwijuka akakubali haraka. "Utapanda wewe kwenye stuli, umshike baba mkwe wako kifuani, umwambie, Ta Ndyamukama, pisha, samaki wanakuja."

Nancy akaikunja kamba. Mkamwana wa Kihaya, awe na digrii ngapi, hamshiki baba mkwe kifuani, hata kama baba mkwe ni karatasi ndani ya fremu. Muksini, ambaye si Mhaya lakini amezaliwa Bukoba, akageuka kando akapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Wakashuka mpaka inchi ishirini na nne. Nancy aliitazama kama mtu aliyeagiza sato akaletewa dagaa.

"Haya. Tununue hii, king'amuzi kizuri, na hela inayobaki nimrudishie Mugisha."

"Inayobaki, sabufa," Ma Kokwijuka akasema.

"Sabufa ya nini, Ma? Una miaka sabini na nne. Unafungua baa?"

"Ya kwaya. Usharika umetoa nyimbo, nimewekewa kwenye flashi. Kwenye kile kiredio sauti ya pili haipo kabisa, utadhani waliimba wagonjwa. Mimi nimeimba sauti ya pili miaka thelathini, Nancy. Nife bila kuisikia?"

Alitia na unyonge kidogo mwishoni, kama chumvi. Nancy akashusha pumzi, akamwashiria Muksini aonyeshe sabufa, halafu simu yake ikaita akasogea mlangoni.

Muksini akaburuta sabufa kubwa kuliko zote, ndefu kama ndama, akainama nyuma ya kabati kutafuta soketi. Alikaa huko kitambo. Alipoinuka alikuwa anamtazama Ma Kokwijuka kwa uso wa mtu anayesubiri jibu. Ma Kokwijuka akamtazama naye, akijaribu kuwa na uso wa mtu anayelifikiria.

"Ma," Nancy akasema kutoka mlangoni, mkono juu ya simu, "kaka anakuuliza mara ya pili kama unataka yenye blututhi."

"Nimemsikia. Nampa nafasi alipange vizuri swali lake."

Nancy akarudi kwenye simu. Muksini akaiacha soketi. Akakaa juu ya stuli, mbele ya bibi, uso kwa uso, akauliza mkungu mkubwa wa ndizi sasa hivi Muleba ni shilingi ngapi.

"Elfu kumi na mbili," Ma Kokwijuka akajibu. "Ukiwa na mdomo mtamu, kumi."

Nancy akageuka. "Unaongea na nani, Ma?"

"Na huyu."

"Hajasema kitu."

Ma Kokwijuka akamtazama Muksini, na Muksini akatazama sakafu, na hapo ndipo bibi alipoelewa. Mwanaharamu mnene yule alikuwa amechezesha midomo bila sauti. Amemtega kama panya, kwa chambo cha bei ya ndizi.

"Napiga hesabu," akamwambia Nancy. "Mikungu ya kuuza nikirudi. Mtu hapigi hesabu kwa mdomo nyumbani kwenu?"

Nancy akatikisa kichwa, akampa mgongo, akaendelea na simu yake. Ma Kokwijuka akabaki na mfanyabiashara. Neno moja la mtu huyu, na kesho kutwa anafungashwa. Tena mtu mwenyewe ana kila sababu ya kulisema: televisheni kubwa ina faida kubwa.

Muksini akasogeza stuli. Akaongea tena kwa midomo mitupu, taratibu.

*Mama yangu Ashura alituficha miaka minne.*

Ma Kokwijuka akamjibu vivyo hivyo, bila sauti: *Minne? Mwanamke hodari.*

*Mkamwana hajui?*

*Ukimwambia naenda kununua duka lingine.*

Tumbo la Muksini likatikisika kwa kicheko kisichotoka. Akainuka, akawasha lile lisabufa refu. Taa za kijani na nyekundu zikakimbizana, sakafu ikatetemeka, Nancy akaziba masikio akatoka nje kabisa. Ma Kokwijuka alisikia ngurumo ndani ya mbavu, kama mvua ya masika juu ya bati, lakini maneno hakuambulia hata moja. Akafikiri basi, ndiyo kwisha. Hata hela haiwezi kununua masikio.

Muksini akalizima, akamwita Nancy arudi.

"Hili mwalimu linapiga kifua, lakini halisemi. Besi imefunika maneno. Vijana wa baa wanalipenda, wao maneno hawayahitaji. Kwa mtu wa kwaya nina kitu kingine."

Akaingia stoo, akatoka na boksi la kawaida, jeusi, lisilo na taa hata moja, na vispika viwili vidogo vya kuweka pembeni. Vumbi lake lilikuwa la miezi. Akashusha besi mpaka chini, akapandisha sauti nyembamba mpaka juu, akavielekeza vile vispika usawa wa uso wa bibi, akafungulia redio.

Mwanamke alikuwa anasoma tangazo la mbolea. Mbolea tu, bei yake na wapi inapatikana. Ma Kokwijuka akasikia. Miaka miwili maneno ya watu yalikuwa yanamfikia yametafunwa kingo, kama mahindi yaliyopitiwa na panya. Sasa yalikuja mazima, na meno yake. Alisikia *shamba*, akaisikia ile *sha* inavyopulizwa. Alisikia *mifuko hamsini*. Hakujua kwamba mtu anaweza kuikumbuka *s* hivyo.

"Ma, unalia?"

"Vumbi. Mfanyabiashara gani huyu hafuti duka." Akajipangusa kwa pembe ya kanga. "Bei?"

"Laki mbili na sabini, mama."

"Pamoja na vumbi?"

"Vumbi ni zawadi."

"Sitaki zawadi, nipunguzie."

Wakavutana mpaka laki mbili na arobaini, na Nancy akalipa, akiandika kila kitu kwenye daftari kwa mkono wa mtu ambaye ameshindwa lakini hajui ameshindwa wapi.

*

Fundi alifunga vitu Alhamisi. Ijumaa saa saba mchana ulisomwa msiba wa kijiji cha pili, na Ma Kokwijuka alikuwa amesimama na kikapu kabla msomaji hajafika kwenye majina ya wakwe. Alifika wenye msiba bado hawajakubaliana jiko likae wapi. Ta Rugaibula alipotokea na kipaza sauti chake, alimkuta ameshamenya ndizi nusu karai, na anawaelekeza wengine.

"Ma Kokwijuka. Leo umewahi."

"Mstari ulikwisha mapema," akasema.

Sauti ya boksi lile ilitoka sebuleni, ikavuka kibanja, ikafika barabarani. Alitegemea watu walalamike, akawa ameshatunga na majibu. Hakulalamika mtu. Badala yake wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Ta Rugaibula mwenyewe, saa saba kasoro dakika tano, akisema ofisi ya kitongoji imemtuma akague nyaya za umeme. Kesho yake akaja kukagua tena. Siku ya tatu hakusingizia kitu. Alivuta kiti, akakiweka ubavuni kabisa mwa spika, pale ambapo hata kuku hawakai.

Ma Kokwijuka alimtazama siku hiyo kwa makini. Rimoti alikuwa nayo chini ya kanga. Akashusha sauti, moja. Ta Rugaibula akainamisha kichwa. Akashusha nyingine. Mzee akakunja mkono nyuma ya sikio, kama anayejikuna. Akashusha mbili kwa mpigo, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, huku ameziba mdomo kwa kanga, kama mbuzi wake amezaa.

"Ndiyo, ndiyo," Ta Rugaibula akasema, akitabasamu na kutikisa kichwa. "Ndiyo kabisa."

Hakuwa na mbuzi.

Lo, tabasamu lile alilijua. Alikuwa analivaa yeye mwenyewe kila Jumapili akitoka kanisani. Akaelewa hata kile kipaza sauti: mzee wa watu alikuwa anakikokota kitongoji kizima kwa sababu sauti yake mwenyewe ilikuwa haimfikii, akadhani haimfikii mtu yeyote. Na yeye ndiye aliyemuuliza mbele ya watu, hukusikia?

Ma Kokwijuka akapandisha sauti, akampa kahawa ya kutafuna, akanyamaza. Siri kama hiyo haitumiwi siku ya kwanza.

*

Mugisha alifika tarehe ishirini na mbili Desemba, na mke na watoto na masanduku. Kitu cha kwanza alichokitazama ni ukutani.

"Mama, laki sita na nusu ndiyo hii? Hili ni dirisha la choo."

"Muulize Nancy. Yeye ndiye mwenye daftari."

Nancy, aliyekuja kuwapokea, alikuwa amesimama kati ya picha ya baba mkwe na fremu ya mlango, amenyoosha mikono, anapima kwa macho. Pale palitosha kabati.

"Ma, ile kamba."

"Ilikauka," Ma Kokwijuka akasema. "Kamba ya mgomba inakauka, nyie mmesoma nini huko?"

Huenda Nancy angeendelea, lakini saa saba ilifika. Ta Rugaibula akaingia, akaamkiana na wageni kwa mkono, akakaa ubavuni mwa spika. Redio ikaanza kwa mngurumo wa muziki wa matangazo, vikombe vikacheza mezani, mtoto mdogo wa Mugisha akaanza kulia, na msomaji akataja jina la kwanza kwa sauti ambayo ingemwamsha mwenye jina.

Mugisha akaishika rimoti, akaona namba, akaja kusimama mbele ya mama yake. Sasa hakuwa anacheka.

"Mama. Niangalie. Masikio yako yana nini?"

Aliliona swali lote, kila herufi, na nyuma yake akaona basi, na ghorofa, na ndizi za kilo. Nancy naye alikuwa amefumba macho nusu, kama anayejumlisha.

"Yangu?" Ma Kokwijuka akasema. "Mimi sauti hii inaniumiza kichwa. Lakini nifanyeje?" Akamnyooshea kidevu Ta Rugaibula, aliyekuwa hatua moja tu kutoka kwake. "Huyu mzee masikio yamekwisha kabisa. Kiziwi kama jiwe la kusagia. Anaona aibu kusema. Kila siku anakuja, nami nampandishia. Nishushe, mwenyekiti mzima arudi kwake hajui nani amekufa? Si kweli, Ta Rugaibula?"

Ta Rugaibula aliona watu wote wanamtazama kwa upole.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo kabisa."

Mugisha akashuka mabega. Akamtazama yule mzee, akamtazama mama yake, na macho yakamlainika.

"Mama, una moyo wewe. Na mimi nikadhani." Hakumalizia. "Basi ikipita Krismasi nitampeleka Bukoba hospitali wampime, wampe vile vifaa vya kusikia. Nitalipa mimi. Mtu amekuwa jirani yako miaka yote."

Ma Kokwijuka alilitafakari hilo kwa heshima yake yote.

"Nitamsindikiza," akasema. "Hawezi kwenda peke yake, hasikii. Na wakimpa viwili, kimoja nitamtunzia mimi. Mzee huyu anapoteza vitu sana."